Majina Thelathini na Moja ya Lotsu

Lotsu, 7 Oktoba 2024

Kwako Claude, mutoto wa kaka yangu,

Jambo sana kwako, kwa Solange, na kwa ile tumbo yake ambayo Papa Katsuva anasema sasa inamutangulia mulangoni. Siye huku tuko, Mungu asifiwe. Mahindi imekomaa, nyingine nguruwe wamekula. Magoti yangu yananisumbua nikipanda kilima, lakini napanda. Antena ya simu waliyoichoma wale wenye silaha mwezi wa tano bado haijatengenezwa, kwa hiyo tutaandikiana kama zamani, na Papa Katsuva ndiye posta yetu kila akileta chumvi na sabuni kwa pikipiki yake.

Masomo yameanza. Nilifungua milango tarehe mbili Septemba, mimi na mwalimu Gertrude peke yetu, wengine hawajarudi. Madarasa mawili yameondolewa bati. Watu wanarudi polepole, leo mama mmoja na godoro, kesho mwingine na kuku wawili. Darasa la kwanza lina watoto kumi na wawili. Darasa la sita, Claude, lina saba.

Hesabu hiyo unaijua vizuri. Mwezi wa tano hao walikuwa darasa lako la tano, nao walikuwa thelathini na mmoja. Wale saba wanakaa kila mutu mahali pake pa zamani, mmoja mbele kabisa, wawili kule dirishani, wengine nyuma. Nimewaambia wasogee karibu na ubao, hawasogei. Na kila asubuhi wanadai tufanye appel, kuita majina, namna baba yako Étienne, apumuzike kwa amani, alivyoianzisha alipokuwa directeur, mukuu wa shule, hapa. Jina likiitwa na mwenyewe hayuko, jirani yake wa banc, wa dawati moja, anajibu "iko njiani", kusudi jina lisianguke chini. Na mwisho watoto wenyewe wanaita jina la mwalimu, naye anajibu "niko", kwa sababu baba yako alisema mwalimu naye ni mutu wa kuhesabiwa.

Sasa nitaita namna gani? Majina nakumbuka mengi lakini si yote, na tarehe za kuzaliwa sikumbuki hata moja. Registre ya darasa la tano, lile daftari la majina, sikuikuta ofisini, wala mezani kwako. Uliiona wapi mara ya mwisho?

Nijibu upesi. Na Solange asibebe maji siku hizi.

Shangazi yako Emerance, directrice wa madarasa sita na walimu wawili.


Bunia, 4 Novemba 2024

Shangazi mupendwa,

Jambo na heshima. Solange alizaa tarehe 19 ya mwezi wa kumi, mutoto mwanamuke, kilo tatu na nusu. Tumemupa jina lako, Emerance, na tayari analia na nguvu ya mutu wa kuamurisha. Mama yake anataka kurudi sokoni kwenye samaki zake za ziwani, za Kasenyi, mi nimekatala mupaka miezi miwili ipite. Bunia ni vumbi tu na batu mingi kuliko zamani. Nyumba ya kupanga imekuwa taabu.

Mi niko muzuri. Ile kazi ya bureau ya elimu, upande wa takwimu, wamenithibitisha. Nakaa mbele ya ordinateur, kompyuta ya bureau, najaza tableau. Kila shule mustari yake: batoto bangapi, bavulana, basichana, benye balipita, benye balianguka. Chef ananipenda juu sipotezi karatasi. Sasa, Shangazi, shule zote za kule kwetu zimeleta, Lotsu njo peke yake mustari iko wazi. Nakutumia formulaire. Jaza bale benye beko, basi. Saba ni saba. Usiandike hata mmoja mwenye haiko darasani, juu inspecteur akipita na kuhesabu vichwa utapata matatizo. Darasa likiwa dogo hivyo banaweza kulifunga, lakini nitaongea na chef.

Juu ya registre, ile siku vitu mingi vilipotea. Sijui niseme nini tena.

Solange anakusalimia sana. Jikinge na baridi ya asubuhi.

Mutoto wako Claude.


Lotsu, 20 Januari 2025

Claude mwanangu,

Jambo kwako na kwa Solange, na kwa jina langu jipya. Eee, kumbe nimezaliwa tena na kilo tatu na nusu! Nilisoma habari hiyo mbele ya Gertrude, tukapiga vigelegele siye wawili mupaka watoto wakatoka madarasani kutazama directrice amepatwa na nini. Barua yako ilikaa barabarani zaidi ya mwezi, njia ilikuwa imefungwa, na Papa Katsuva aliificha ndani ya chumvi. Maneno ya pembeni yamefutika lakini nimesoma.

Formulaire nimejaza. Trimestre ya kwanza, muhula uliokwisha, darasa la sita: walioandikwa saba, waliofanya mutihani saba, waliopita saba. Karatasi iliuliza hivyo, nami nimejibu ilivyouliza.

Hukuniuliza hao saba ni akina nani. Niligeuza ukurasa nikitafuta hilo swali. Basi nakuambia bila kuulizwa: ni Gentille yule wa kigugumizi, ni wale mapacha wa mutunza kanisa, na wanne wa upande wa mutoni. Gentille amekuwa hodari wa hesabu, hutaamini.

Sasa neno lenyewe. Mama wa Abigaël alikuja wiki jana kuchimba muhogo wake, alilala siku moja tu akarudi. Anasema wengi wa watoto wetu wako hapo hapo Bunia, kwenye site ya watu waliokimbia, ile ya nyuma ya mji. Amewaona kwa macho yake, Rébecca, Jean-Claude, Monique na wengine. Hawasomi. Wanachota maji na kuokota kuni. Kutoka ofisini kwako mupaka pale ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu.

Unajua mutihani wa taifa wa kumaliza shule ya musingi hausubiri mutu. Majina yanafungwa tarehe 21 Machi. Mutoto ambaye hatakuwa kwenye liste, mwaka wake umekwenda, na mutoto wa bâche, anayeishi chini ya turubai, akipoteza mwaka mmoja hatarudi shuleni tena, atakuwa mubeba maji mupaka uzee. Mimi siwezi kuacha shule, na njia hii si salama. Nenda weye, Claude. Waone, waandike, unitumie majina na tarehe zao. Niwaandikishe kama watoto wa Lotsu, maana ni watoto wa Lotsu.

Nakungojea. Shangazi yako.


Bunia, 13 Februari 2025

Shangazi mupendwa,

Jambo sana. Mutoto anageuka mwenyewe sasa kitandani. Solange alipata homa, imekwisha. Mvua imeharibu barabara ya mbele yetu.

Shangazi, nina habari ya kukufurahisha! Nimemaliza tableau ya trimestre ya kwanza kwa shule zote ndogo za mashamba. Lotsu ni ya kwanza. Ya kwanza kabisa! Asilimia mia moja. Shule zenye kuwa na madarasa makubwa na walimu kumi na mbili hazijafika hata themanini. Chef alishangaa, akauliza, "Huyu directrice ni nani?" Nikasema ni shangazi yangu, dada ya baba. Akasema utapewa cheti mbele ya batu wakubwa, tarehe 14 Machi. Watatuma pikipiki ya kukuchukua. Vaa kitenge chako, ile liputa ya bleu. Na mi pia chef amenisifu, amesema tableau kama hii inaonyesha kazi inaendelea hata mu shida.

Juu ya site, kazi ni mingi sana wakati huu. Nitaona.

Mutoto wako mwenye furaha, Claude.


Lotsu, 26 Februari 2025

Claude,

Jambo kwa Solange na kwa mutoto. Nafurahi homa imekwisha.

Mimi sitakuja kuchukua cheti. Mwambie chef wako directrice ana magoti mabaya, au mwambie ukweli, utachagua. Asilimia mia ya nani? Ningekuwa na mutoto mmoja tu darasani, naye akapita, ningekuwa pia asilimia mia. Kama wote wangekwisha, nafikiri mungenijengea sanamu. Shule yangu imekuwa ya kwanza kwa sababu watoto ishirini na wanne hawakuwepo kuanguka. Hivyo ndivyo unavyotaka nisimame mbele ya watu na liputa ya bleu?

Uso wangu ulipata haya, Claude. Nilisoma barua yako nikatafuta jina la mutoto hata mmoja. Nilikuta "mingi" na "nitaona".

Nimekaa na wale saba tukaandika majina kwa kukumbuka. Tumepata kumi na tisa kati ya ishirini na wanne. Watano wamenipotea. Mimi niliyewafundisha kushika kalamu, watano wamenipotea, na Gentille alilia kwa sababu hakumbuki jina la aliyekaa nyuma yake. Bila registre sina tarehe ya kuzaliwa, sina jina la baba, sina kitu cha kujaza kwenye liste ya mutihani.

Sijakuuliza kamwe juu ya siku ile. Sikuwepo. Sitakuuliza hata leo. Nakuuliza juu ya tarehe 21 Machi.

Emerance.


Bunia, 17 Machi 2025

Shangazi,

Jambo. Mutoto ameota meno mbili, Solange amerudi sokoni. Ni kweli yote, lakini sitaki kuifanya ndefu.

Registre iko hapa. Haikupotea hata siku moja. Ilikuwa chini ya nguo zangu, ndani ya ile mufuko ya shule, hata Solange hakujua.

Ile tarehe kumi na ine ya mwezi wa tano tulikuwa kwa hesabu. Masasi ya bunduki ilianza upande wa soko. Niliambia batoto balale chini. Nilisema mara moja tu. Nikasikia pikipiki ya jirani nyuma ya shule, akaniita, nikakamata mufuko nikatoka. Rébecca alikuwa amekamata kamba ya mufuko. Alikuwa anasema, "Mwalimu, na siye?" Pikipiki ilikuwa na nafasi ya mutu mmoja tena. Nilivuta kamba, akaachilia. Nilifika Bunia na registre, chaki mbili na kalamu ya bic. Batoto bangu bote bakakimbia peke yao kwa mutoni.

Njo maana sikukwenda kwa site. Haikuwa kazi. Mara mbili nilitoka bureau, nikafika mupaka kwenye mufereji ya pembeni ya site, nikarudi.

Barua yako nilisoma mara ine. Kisha nikaingia kwa chef nikasema, "Chef, asilimia mia ya Lotsu haiko ya kweli." Akaniuliza, "Ulikosea hesabu?" Nikasema, "Hapana, hesabu iko sawa, saba kwa saba. Lakini darasa lilikuwa na batoto thelathini na moja, na mi njo nilikuwa mwalimu wao." Akasema, "Toa basi, na usinipotezee wakati tena." Cheti walipatia shule ingine.

Jumamosi, siku ya posho, tarehe kumi na tano, nilikwenda. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Mama wa Abigaël alinitambua, hakunisalimia, alikwenda tu kuita batoto. Bakakuja mmoja mmoja, wengine na bidon ya maji mukononi. Bakasimama mbele ya bâche. Nikafungua registre, nikaanza na numero ya kwanza.

Shangazi, bakajibu. Kama vile tuko Lotsu. Batoto kumi na sita bakajibu "présent". Na kwa bale benye habakuwa pale, jirani ya banc akajibu "iko njiani", kisha akanieleza. Babili beko Kasenyi kwa samaki. Mmoja Mahagi-Port. Mmoja Niania kwa mujomba wake. Batatu balivuka ziwa kwenda Uganda. Niliandika yote pembeni ya jina.

Nikafika numero ishirini na mbili, Adolphe Ngabu. Nikaita. Jean-Claude, jirani yake wa banc, alikuwa pale, akaangalia chini. Nikaita tena. Hakuna mutu alisema iko njiani. Nikaelewa. Sikufuta jina, nimeacha nafasi yake wazi, weye utajua namna ya kufanya.

Nilipofika mwisho nikafunga registre. Bakabaki wamesimama. Rébecca amekuwa murefu, ananifika kwa bega sasa. Akasema, "Hujamaliza, Mwalimu." Kisha akaita mwenyewe, na ile sauti ya asubuhi, "Mwalimu Claude!"

Ile neno moja, "niko", yenye nilisema kila siku miaka ine, ilinikatala. Njo Abigaël akajibu mu nafasi yangu, "Iko njiani." Hakuna mwenye alicheka. Mi nililia mbele yao, na sioni haya kukuandikia.

Leo asubuhi nimepeleka kwa liste ya mutihani majina ya bale kumi na sita, na ya saba bako, na ya babili ba Kasenyi. Solange alituma neno kwa mama ba samaki, batoto batapanda kesho na gari lao. Kesho saa kumi, nikitoka bureau, tunaanza masomo kule site na hesabu ya sehemu, nusu na robo, pale tuliachia.

Registre nakurudishia na Papa Katsuva. Imefungwa ndani ya plastiki.

Claude.


Lotsu, 19 Julai 2025

Claude mwanangu,

Jambo sana kwako, kwa Solange, na kwa Emerance mudogo ambaye nasikia anasimama akishika kiti. Maharagwe tumevuna vizuri safari hii. Darasa moja limepata bati. Gertrude anaolewa mwezi wa nane, na nimemwambia kama bwana atamuhamisha, nitamufuata huyo bwana mupaka kwao.

Matokeo yamefika. Watoto wa Lotsu waliofanya mutihani ni ishirini na watano. Waliopita ni kumi na saba. Katika wale saba wa huku sita wamepita, katika kumi na wanane wako wa bâche wamepita kumi na mmoja, na Rébecca ndiye wa kwanza wa shule nzima. Inspecteur alinionyesha tableau yenu mupya. Lotsu imetoka namba moja imeanguka mupaka namba ishirini na mbili. Alinipa pole. Nikamwambia asante, lakini pole ya nini? Nimeibandika mulangoni mwa ofisi, na wazazi wanakuja kuweka kidole kwenye ule mustari. Papa Katsuva ameniambia hukukosa kuwafundisha hata siku moja saa kumi, miezi mitatu, hata mvua ikinyesha. Nimeshukuru Mungu kwa hilo, nami nakushukuru weye.

Nilikwenda kwa nyanya wa Adolphe na registre. Hasomi, nikamwonyesha mahali jina limeandikwa, akapitisha mukono juu yake mara nyingi. Siku iliyofuata tulimwita mara ya mwisho, madarasa yote sita yakiwa nje. Kisha nikaandika tarehe kwenye ile nafasi uliyoiacha wazi, na kazi hiyo ilikuwa nzito kwangu kuliko kuzika.

Kuna jambo moja sikukuandikia. Toka Septemba, wale saba walikuwa wanaita jina lako kila asubuhi, mwisho wa appel, baada ya langu. Na kila asubuhi Gentille, na kigugumizi chake, alisimama akajibu, "Iko njiani." Ilimuchukua muda. Wenzake walimungojea mupaka amalize. Sikuwafundisha mimi, wala sikuwakataza, na wakati ule nilipokuandikia kwa hasira walikuwa wamekujibia asubuhi ile ile.

Tunafungua tarehe moja Septemba. Darasa la tano halina mwalimu, sijaweka jina la mutu. Siwezi kukuambia njia ni salama, unaijua. Una muke na mutoto mudogo, una meza bureau, na ukibaki sitakukasirikia, utaendelea kuwa mutoto wa kaka yangu. Registre mupya nimeinunua, iko hapa mezani.

Ila ujue hili moja. Gentille amepita, anaondoka kwenda shule ya secondaire. Hatakuwa hapa tena kukujibia.

Shangazi yako, Emerance.